Kanda ya Kijani ya Shangazi

Ukitaka kuzungumza na shangazi yangu, kaa kulia kwake. Kushoto hasikii kitu. Hata ukigonga sufuria karibu na sikio lile, ataendelea na kazi yake kama aliye peke yake chumbani. Watu wa mtaani wanasema alizaliwa hivyo, na yeye hajawahi kuwakatalia. Lakini sikio lile liliuawa. Neno hilo ni lake mwenyewe. Alilitaja siku moja tu, akinisuka, kwa sauti ile ile anayoombea kitana. Aliyeliua ni mumewe, kwa kiganja, saa saba mchana, ndani ya kibanda chao cha kanda.

Mtaani wanamwita Mama Kanda. Ni mwanamke wa mabega mapana, mrefu kuliko wanaume wengi wa pale, na ngumi yake ina historia. Kuna mwizi aliyewahi kuchomoa kanda mbili akakimbia. Shangazi alimfuata mpaka kwenye mfereji, akamrudisha amemshika sikio, na mwizi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiomba aitiwe polisi. Watu walicheka mwaka mzima. Mimi nilipohamia kwake nikiwa na mimba, mume wangu yuko safarini na malori, nilimwogopa. Akikasirika hasemi. Huchukua kasha tupu la kanda, analiminya kwenye kiganja taratibu mpaka linapasuka. Ukisikia ule mlio, tafuta kazi ya kufanya nje.

Lakini mwanangu alipozaliwa, ni mikono ile ile iliyomshika kabla yangu.

Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja chenye rafu nne za mbao, meza, na redio kubwa ya milango miwili ya kanda, nzito kama mtoto wa miaka mitano. Mbele kulikuwa na nondo za dirisha ambazo mumewe alizichomelea kwa mkono wake, maana kazi yake ni uchomeleaji. Mteja alileta orodha ya nyimbo, shangazi alimnakilia. Kazi hiyo haikuwa na njia ya mkato. Wimbo wa dakika tano ulikula dakika tano za maisha yake, na kanda ya saa nzima ilikula saa nzima. Mwanzo wa kila upande alibonyeza kitufe chekundu, akasogeza maiki mdomoni na kusema: "Hii ni kanda safi kutoka kwa Mama Kanda. Sikiliza mpaka mwisho." Kisha ndipo muziki ulipoingia. Kuna watu wazima leo wanaojua sauti yake kuliko ya mama zao.

Siku ile ya saa saba mchana alikuwa ameweka kanda ya kijani, upande wa pili. Alibonyeza kitufe, akasema maneno yake, na kabla hajaingiza wimbo mumewe akaingia. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba mkewe anacheka na wateja. Akafunga mlango kwa ndani. Maiki ilikuwa wazi, na kanda ilikuwa inazunguka.

Shangazi alinisimulia kwa ufupi. Alisema kilichomwamsha sakafuni ni mlio wa kitufe kujirudisha chenyewe juu kanda ilipofika mwisho. Ta. Aliusikia kwa upande mmoja, ndipo akajua kuwa upande mwingine umekwenda. Kinywani kulikuwa na meno mawili yaliyolegea. Akaitoa kanda, akaivunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni, maana kanda isiyo na vijino hairekodiki tena juu yake. Akaenda polisi na uso wake vile ulivyokuwa. Walimwambia mambo ya ndani yamalizwe ndani.

Basi siku ya nne, jicho moja likiwa bado limefumba, akaenda kwenye karakana ya mumewe. Alisimama mbele ya wateja, akamwinamia sikioni na kumwambia taratibu kwamba anayo kanda, na imeingia yote. Siku atakayosogea karibu yake, ataipeleka kwenye spika za sokoni ipigwe mchana kweupe. Mwanamume akaweka chini fimbo yake ya kuchomelea. Hakurudi nyumbani tena. Kwa miaka kumi na mmoja, akimwona shangazi upande huu wa barabara, alivukia ule.

Kwa hiyo kanda ile ilikuwa kufuli yake. Hakuna aliyewahi kuisikia, hata yeye mwenyewe. Ilikuwa moja tu duniani, ndiyo maana ilikuwa na nguvu. Yule mchomeleaji alioa mke mwingine, akatengeneza mageti ya watu wakubwa, akawa mtu wa kusimama harusini na kuwausia maharusi wavumiliane. Sauti yake nzito iliyokwaruza kidogo mtaa mzima uliijua.

Shangazi alinieleza habari ya kanda hiyo. Hakunieleza iko wapi wala ina rangi gani.

Kisha nyakati zikageuka, na kanda zikaanza kushika vumbi. Kibanda cha jirani akaingia mwanamume mmoja mwembamba na kompyuta yake ya kupakata. Tulimwita Bwana Memori. Mteja alimpa simu, na kabla hajamaliza kujikuna alikuwa na nyimbo mia tatu. Alikuwa mtu wa utani. Alipenda kupita mlangoni kwetu akiuliza kama makumbusho yamefunguliwa. Shangazi alimjibu siku moja bila kuinua macho.

"Na hizo nyimbo zako ziko wapi? Nionyeshe mmoja niuzabe kofi."

Bwana Memori alicheka mpaka akashika nondo. Lakini ni yeye huyo aliyekuja baadaye na waya mwembamba na maneno ya heshima. Alimwambia shangazi kwamba rafuni mwake kuna nyimbo ambazo haziko kwenye simu ya mtu yeyote; zikiingizwa kwenye kompyuta, zitaishi, na jina la Mama Kanda litaandikwa juu ya kila moja. Shangazi alifikiri siku mbili. Akakubali, akaniachia kazi mimi. Nianze rafu ya juu, nishuke. Rafu ya chini kabisa nisiiguse, hizo ni takataka zake za zamani.

Nilisikia vizuri. Sikuwa mkaidi. Tatizo ni kwamba wiki ile shangazi alikwenda msibani siku tatu, na wiki hiyo hiyo mwanangu akaanza kutambaa.

Rafu ya chini ilikuwa sawa na kimo chake kabisa. Nilipogeuka mara moja tu, alikuwa amekaa katikati ya makasha, ana utepe wa kanda mdomoni, ameuvuta kama tambi. Nikamtoa utepe ule kooni kwa kidole. Nikakusanya kila kilichokuwa rafu ya chini, nikakipandisha juu nilipopata nafasi. Nilijiambia shangazi akirudi nitamwambia. Kesho yake, mtoto analilia meno na sijalala vizuri, sikukumbuka tena kipi kilitoka wapi.

Kasha moja lilikuwa na karatasi iliyoandikwa Mazoezi ya Gitaa, Sehemu ya Tatu. Ndani mlikuwa na kanda ya kijani.

Nilinakili pande zote mbili, kama nilivyonakili nyingine. Mwanangu alikuwa amelala juu ya khanga miguuni pangu, kwa hiyo nilizima sauti kabisa na kufuata vile vitaa vya redio vinavyoruka muziki unapopita, kijani kwa sauti ndogo, vyekundu kwa kubwa. Upande wa pili vitaa vilianza vizuri, vikatulia, halafu vikaruka vyote mpaka nyekundu. Vikazima. Vikaruka tena. Nilidhani ni ngoma. Mtoto alitaka kuamka, nikaanza kumpapasa mgongoni, na mkono wangu ukafuata vile vitaa. Pa. Pa, pa. Nilimbembeleza mwanangu kwa mapigo ya shangazi yangu. Hilo sijamwambia mtu, naliandika hapa tu.

Bwana Memori naye hakusikiliza. Alikuwa anakata nyimbo kwa macho. Kwenye kioo cha kompyuta sauti huonekana kama milima, na yeye alibakiza milima na kutupa mabonde. Kutoka upande ule wa nusu saa alibakiza dakika moja na nusu, mahali penye milima mirefu zaidi. Akaipa jina lililokuwa kwenye kasha, akaitia kwenye folda ya nyimbo za Mama Kanda, na folda ikaanza kuingia kwenye simu za watu.

Ililia kwanza kwa kinyozi. Simu ilikuwa inapiga nyimbo zenyewe, wimbo ukaisha, na badala ya gitaa chumba kikajaa mlio wa kiganja kwenye uso wa mtu. Mwanamke akalia. Halafu sauti nzito ya kukwaruza ikasema, bila haraka yoyote: "Ulie nini, bado sijaanza." Kisha kikafuata kitu kama rafu inaanguka. Kinyozi alimkata mteja kisogoni kwa wembe, na mteja hakuhisi mpaka damu ilipofika kwenye ukosi wa shati. Kila aliyekuwa mle aliijua sauti ile. Walikuwa wameisikia harusini.

Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuizuia. Simu ilipeleka kwa simu. Kufika adhuhuri ya pili ilikuwa mitaa ambayo shangazi hajawahi kukanyaga. Na watu ni watu. Wengine walilia, wengine walifanya mzaha. Vijana uwanjani walikuwa wakimfunga mwenzao goli wanamwambia, ulie nini, bado sijaanza. Bwana Memori alipopata habari, alifuta kila kitu kwenye kompyuta yake kwa woga, folda nzima, akafunga kibanda na kuondoka na begi mgongoni. Hakuniaga.

Shangazi alirudi msibani asubuhi. Alishukia sokoni, na pale mwanamke mmoja alikuwa anamtania mwenzake kwa maneno yale yale. Mwanamke huyo alikuwa upande wa kulia wa shangazi.

Alipofika kibandani hakunisalimia. Aliangalia rafu ya chini, ikiwa tupu na mpira wa mtoto juu yake. Akaangalia juu. Nilimweka mtoto chini, nikasimama mbele yake, maana niliona ni haki yangu kupigwa. Nilimweleza yote, utepe kooni, sauti niliyoizima, kila kitu. Akachukua kasha tupu. Akaliminya mpaka likapasuka na akaendelea kuminya, damu ikamtoka katikati ya vidole.

"Iko pale juu," nikasema. "Haijapotea, Shangazi."

"Ile si kanda tena, mwanangu. Ile ni plastiki." Akaketi. "Alikuwa anaogopa isije ikasikika. Sasa imesikika. Umebaki woga gani wa kumzuia?"

Akaenda kwenye nondo za dirisha, akazitikisa moja moja kwa mkono uliokuwa na damu. Nilijua anachofanya. Alikuwa anapima kazi ya mumewe.

Kilichobaki tuliletewa na mdomo wa msusi. Yule mke wa pili alikuwa saluni, kichwa kimesukwa nusu, simu ya mtu ikalia. Msusi alisema mteja wake huyo hakushtushwa na sauti, kwanza hata hakugeuka. Alishtushwa na ile sentensi. Aliirudia peke yake, polepole, akainuka na nusu kichwa kikiwa matimutimu, akaenda nyumbani kuchukua cheti chake cha kuzaliwa na nguo chache, akapanda basi. Kumbe hata katika nyumba ile mpya maneno yalikuwa yale yale ya zamani.

Kesho yake alasiri mume akaja.

Hakuja mlangoni. Alikuwa na nondo ya urefu wa mkono, na alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya dirisha ambako alijua kiungo chake kilikuwa dhaifu, kwa sababu alikifanya mwenyewe siku umeme ulikuwa unakatika. Pigo moja, dirisha lote likaanguka ndani. Shangazi alikuwa ameketi kwenye stuli anapanga makasha, ubavu wake wa kushoto umeelekea dirisha. Mimi nilimwona yule mtu kabla hajapiga. Nikaita. Niliita kwa nguvu zangu zote, lakini nilikuwa nimesimama kushoto kwake.

Alipogeuka, nondo ya kwanza ilimpata kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Nimewahi kuvunja kuni nyingi maishani. Sitaki kuusikia mlio ule tena.

Nilimtumbukiza mwanangu kwenye boksi la makasha chini ya meza, nikalala juu yake. Yule mtu alikuwa anataka kanda. Alisema ataondoka akiipata. Nikamwambia kutoka pale chini kwamba imo kwenye simu za mji mzima, hata akichoma kibanda haitarudi. Akanipiga teke la mbavu, pumzi ikakata. Alinisikia, nina hakika alinisikia, lakini watu wa rika lake wanaamini kitu ni kile unachoweza kukishika. Alipiga rafu zote nne. Kanda zilimwagika kama kokoto, akazikanyaga, plastiki ikaruka mpaka ikamkata shangazi shavuni pale alipoanguka. Kazi ya miaka ishirini, dakika kwa dakika, ilipondwa kwa muda mfupi kuliko wimbo mmoja.

Kisha akaliona kasha la gitaa. Jina lile alikuwa ameliona kwenye simu. Akaitoa kanda ya kijani, akautia kidole utepe, akaanza kuuvuta. Alivuta kwa mikono miwili, mita kwa mita, akijizungushia kwenye vifundo kama mtu anayetoa matumbo ya mnyama. Ili avute, ilibidi aiweke nondo chini.

Shangazi aliinuka. Mkono wa kulia ulining'inia vibaya. Kwa wa kushoto aliikamata ile redio ya milango miwili kwenye mshikio wake, akaizungusha nyuma na kumshushia kichwani. Mtu mzima akaenda chini na utepe mikononi. Akamshushia tena, na redio ikapasuka. Halafu akamwekea goti kifuani na kuanza kumpiga ngumi usoni, ngumi moja moja, bila haraka. Yule mtu alilia. Alilia kwa sauti ile ile ya harusini.

"Ulie nini," shangazi akamwambia, "bado sijaanza."

Nje, watu walikuwa wamejaa. Hakuna aliyeingia. Waliinua simu.

Nilitoka chini ya meza nikishika mbavu, nikazunguka mpaka kulia kwake. Sikumshika mkono. Ningemshika angenipiga bila kujua ni mimi. Niliinama karibu na sikio zima nikamwambia: "Shangazi, mtoto anakuangalia."

Mwanangu alikuwa ametoka kwenye boksi lake. Alikuwa amekaa kwenye vipande vya plastiki, halii, macho yote kwa bibi yake. Ngumi ya shangazi ikabaki hewani. Damu ikawa inadondoka kutoka kwenye vifundo, tone moja likaanguka kwenye jino la dhahabu la yule mtu. Akashusha mkono.

Polisi walifika, na polisi nao walikuwa na simu. Kwenye simu zao kulikuwa tayari na picha ya video, maana ilifika kituoni kabla yetu. Dakika moja. Inaanza redio ikiwa hewani na inaishia ngumi ya saba. Hakuna dirisha, hakuna nondo, hakuna mkono uliovunjika. Mwanamke mkubwa anampasua mwanamume aliyelala chini na anamkejeli. Watu waliosimama pale tangu mwanzo walikuwa na sababu zao za kutokuona mwanzo. Yule mchomeleaji ni mtu wa mageti yao na harusi zao. Shangazi alifungwa plasta hospitalini mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akafungwa pingu kwenye kitanda. Wodi ya pili, mumewe wa zamani amefungwa bandeji na anaandikisha maelezo. Alisema yeye alikwenda kuzungumza tu.

Afande aliyepewa kesi alikuwa mzee mwenye mvi, karibu kustaafu. Nilimwamkia, nikamweleza, naye akanionyesha ile dakika moja. Nikamwambia kuna ya kabla ya hapo. Akasema kabla ya hapo hakuna kitu kwenye picha. Nikamwambia kuna ya kabla kabisa, ya miaka kumi na mmoja. Akaniambia kwa upole kwamba hiyo nayo ameisikia, dakika moja na nusu, kila mtu ameisikia, na haionyeshi tarehe wala jina. Pengine ni maigizo ya redio.

"Hiyo ilikatwa, Afande. Nzima ipo."

"Iko wapi?"

Ilikuwa kwenye sakafu ya kibanda.

Nilikaa kule mchana mzima. Mtoto nilimfunga mgongoni ili asiufikie utepe. Niliuokota kwa ncha za vidole, nikaupangusa damu na vumbi kwa pamba kavu, nikatafuta ncha mbili. Ulikuwa umekatika mahali pawili. Shangazi alishanifundisha: unakata ncha kwa wembe, mshazari, unazikutanisha bila kupandana, unabandika selotepu upande wa nyuma, unapunguza kingo. Ganda lake la plastiki lilikuwa limepondwa, nikafungua skurubu tano ndogo za kanda nyingine iliyonusurika na kuhamishia utepe humo. Kisha nikachomeka kalamu ya biki kwenye tundu na kuzungusha. Nilizungusha mpaka kiganja kikaota lengelenge. Kila mzunguko niliwaza kwamba mkono uliozoea kazi hii una plasta.

Nilipomaliza nikakumbuka kwamba redio imepasuka kichwani mwa mtu. Niliuliza nyumba baada ya nyumba. Mtaa mzima ulikuwa na simu mfukoni na hakuna mwenye kitu cha kupigia kanda. Ni afande mwenyewe aliyekuwa nacho. Gari lake lilikuwa kuukuu, lisilojua flashi, na redio yake ilikuwa na mdomo wa kanda.

Tukaketi garini, yeye usukani, mimi kando na mtoto mapajani. Nikaiingiza. Kukawa na mkwaruzo, halafu sauti ya shangazi akiwa kijana, nyepesi, sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa hivyo: "Hii ni kanda safi kutoka kwa Mama Kanda. Sikiliza mpaka mwisho." Na mlango ukafungwa.

Dakika ya nne afande akapeleka kidole kwenye kitufe cha kusogeza mbele. Nikauweka mkono wangu pale. Nilimwambia kanda ile nimeiunga kwa selotepu na ikikimbizwa itakatika. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini hata ingekuwa nzima nisingemruhusu.

Tulisikiliza. Kwenye kanda mwanamume alimwita mkewe kwa jina, mara nyingi. Naye alimwita mumewe, akimwomba. Mlikuwa na redio ya jirani kwa mbali ikisoma taarifa ya habari ya saa saba, na tarehe. Mlikuwa na pigo ambalo baada yake sauti ya shangazi ilibadilika, ikawa kubwa mno kama mtu asiyejisikia mwenyewe, nikajua sikio limekufa hapo. Nilimfunika mwanangu masikio kwa viganja vyangu. Kisha, mahali ambapo kwenye kioo cha Bwana Memori palikuwa bonde, mwanamume alisema kwa sauti ndogo kabisa, karibu na maiki, kama mtu anayetoa maelekezo ya kazi: "Ukinitangaza kwa watu, nitauvunja huo mkono unaobonyezea."

Afande akaangalia mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya usukani.

Baada ya hapo hakukuwa na maneno. Mlango ulifunguka, ukafungwa. Zilibaki dakika kumi na tatu za mtu anayepumua sakafuni. Nilidhani afande atazima. Alipandisha kioo cha gari, akakaa. Hatukutazamana. Mtoto alilala. Kanda ilipofika mwisho kitufe kikajirudisha chenyewe. Ta.

"Ni mkono upi uliovunjika?" akauliza.

"Wa kulia, Afande."

Aliitoa kanda akaishika kwa mikono miwili. Akaniuliza ni nani aliyeiunga, nikasema ni mimi. Akashuka garini.

Jioni ile pingu ilihama kitanda. Niliiona kwa macho yangu ikipita koridoni mkononi mwa askari, kutoka wodi ya wanawake kwenda ya wanaume. Yule mke wa pili naye alitafutwa huko alikokwenda, akakubali kuja kusema.

Niliingia kwa shangazi nikavuta stuli upande wa kulia. Uso ulikuwa umevimba, na mtoto alimtambua hata hivyo. Nikamwambia kwamba tumeisikiliza.

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho." Nikamwambia kanda iko salama, afande ameiandikia risiti, na kama anataka siku moja kuisikia naye, itawezekana.

Akageuza kichwa juu ya mto, akanitazama kwa lile jicho lisilovimba.

"Ya nini? Mimi nilikuwepo," akasema. Kisha akaniomba kitana, akakumbuka mkono wake, akaniinamishia kichwa nimchane mimi.